Mende wa tende na buibui wa tambi: chokoleti zetu za Halloween hapa Malindi

Niseme mapema kabla hamjaanza kunipigia simu: hakuna mtu aliyevaa pembe nyumbani kwangu, hakuna mshumaa uliowashwa ndani ya fuvu, na boga pekee lililoingia jikoni mama yangu alilikata vipande akalipika na nazi na iliki, likaisha kabla ya Magharibi. Tulichofanya sisi ni chokoleti tu. Zilikuwa na sura mbaya, tena mbaya makusudi, lakini ni chokoleti.

Yote ni mpwa wangu. Kaka yangu anakaa Uingereza na shule za kule hufungwa wiki moja hivi mwisho wa Oktoba, basi badala ya kukaa ndani na baridi akaona awalete watoto wamwone Nyanya yao. Huyu wa kike ana miaka 9, Kiswahili anakijua mashallah ila akikasirika kinamkimbia, na siku ya pili tu tangu wafike ashanijia jikoni, "Shangazi, hapa Halloween mnafanya saa ngapi?" Saa ngapi! Kama anauliza adhana.

Sasa hapa kwetu Halloween, ile siku ya Wazungu ya kutishana na vizuka mwisho wa Oktoba, ukiiona utaiona kwenye mahoteli, vitambaa vyeusi, maboga ya plastiki, vijana wa baa wamepakwa rangi nyeupe usoni wanakuletea soda, basi. Mtaani huku kwetu haipo. Wangu wawili wanaijua kwenye vidio za simu, huyu kifungua mimba ana 11 na kitinda mimba ana 5, na shule zishafungwa kwa hivo walikuwa nyumbani kutwa hawana kazi, wakasikia neno chokoleti likitajwa. Hapo nilikuwa nimeshashindwa.

Mama akauliza alichotaraji kila mtu angeuliza. "Hii ni dini ya nani?" Kaka akajaribu kumweleza, kwamba asili yake ni kule Ireland na Scotland, watu wa kale walikuwa na siku yao ya kufunga mavuno na kuingia msimu wa baridi, wakiamini usiku ule wafu huzunguka, alafu Wakristo wakaweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, huo mkesha wake tarehe 31 Oktoba ndio ukabaki na mambo ya vizuka. Na maboga yalikuja baadaye Marekani, manake mwanzo Waairishi walikuwa wakichonga tanipu, aina ya mboga ya mizizi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake, akasema, "Mimi nimeuliza ya nani, wewe wanipa hesabu ya maboga." Lakini akakubali kwa sharti lake: hakuna kuvaa vinyago, hakuna kuombaomba milangoni usiku, na chochote kitakachopikwa kiliwe, kisitupwe. Mimi mwenyewe hayo masharti niliyapenda, wallahi, yaliniokoa na gharama.

Kwa hivo chokoleti.

Na hapa ndipo pa kuzungumzia joto, manake mapishi yote ya hizi chokoleti ukiyatafuta kwenye intaneti yameandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi. Wanakwambia, "acha kwenye meza ipoe." Meza gani? Mwisho wa Oktoba hapa kusi imeshalegea na kaskazi haijashika, hewa imesimama, jikoni kwangu mchana ukiwasha jiko unaoga jasho. Mafuta ya kakao, yale ndiyo yanayoifanya chokoleti iwe ngumu na ikivunjwa ilie ta!, yanayeyuka kama nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndio sababu inakuyeyukia mdomoni. Na kabla ya kufika hapo ishaanza kulegea. Sasa jikoni kwenyewe ni 30 na ushei. Chokoleti haitaki hata moto, inataka tu uiangalie vibaya.

Sikulijua hilo vizuri mpaka nilipoharibu. Nilinunua chokoleti nyeusi nzuri, ile ya bei, na bei skuizi si mchezo, tangu ile 2024 kakao ilipopanda huko sokoni duniani mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani, chokoleti imekuwa kitu cha kushika, kusoma bei, kurudisha, kuzunguka supamaketi, kurudi kuishika tena. Nikaipeleka nyumbani ndani ya mkoba na tuktuk, saa nane mchana. Nilipoifungua ilikuwa imejikunja kama kandambili iliyoachwa juani. Nikaitia friji ikakaza, lakini ikatoka na mabaka meupe, watoto wakasema imeota ukungu. Si ukungu. Ni yale mafuta ya kakao yanapanda juu chokoleti ikiyeyuka na kuganda ovyo, unaweza kuila bila wasiwasi, na ukiiyeyusha upya yanapotea. Ila nilishajua siku hiyo tutafanya kazi usiku, baada ya Magharibi, upepo wa baharini ukianza kuingia dirishani.

Nikuelezee kitu kimoja kitakachokusaidia. Chokoleti ziko za aina mbili, ile halisi ya mafuta ya kakao, na ile ya kupikia ambayo wametia mafuta mengine, mara nyingi mawese. Soma nyuma ya paketi utaona. Ile halisi ukitaka igande ing'are lazima uipe adabu yake, uiyeyushe mpaka nyuzi 45 hivi, uipoze mpaka 27 au 28, alafu uipandishe tena 31 kama ni nyeusi, ya maziwa iwe chini kidogo ya hapo. Ukiikosea inaganda na mabaka na inashikashika vidole. Ile ya mawese haina hayo maringo, unayeyusha unachovya basi, na joto letu inalivumilia zaidi. Ladha? Haifiki, nisikudanganye, inabaki na utando kwenye ulimi. Lakini kama unapika na mtoto wa miaka 5 sikushauri ulete maringo jikoni. Mimi nilichanganya mambo, ile ya bei niliiweka kwa mende, ya kupikia nikaifanyia buibui.

Na kipimajoto sina. Nilitumia njia ya mdomo: nakatakata chokoleti ndogondogo, theluthi mbili natia kwenye bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto, moto mdogo, maji yasichemke na yasiguse bakuli, ikishayeyuka naitoa naweka kando juu ya kitambaa, namwagia ile theluthi iliyobaki nakoroga polepole mpaka iishe yote. Zile zilizobaki ndizo zinazoipoza na kuifundisha kuganda sawasawa. Alafu unachukua kwa ncha ya kijiko unagusisha mdomo wa chini, ikikupa ubaridi kidogo, iko tayari. Ikiwa vuguvugu, koroga tena. Kifungua mimba aliipenda hii ya kupima, alipima mara kumi na moja.

Basi mende.

Wazo lilikuwa la mama, na sikutaraji. Tulikuwa na tende za paketi, zile laini zenye kokwa, mpwa wangu akachovya moja kwenye chokoleti kujaribu, akaiweka kwenye karatasi. Mama akaitupia jicho akasema, "Hiyo ni mende." Na ilikuwa mende! Urefu ule ule, mgongo ule ule wa kung'ara, rangi ile ile ya mende mkubwa wa chooni. Mtoto wa Uingereza akapiga kelele ya furaha, kitinda akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo hakuna aliyetaka tena mambo ya mapopo.

Unapasua tende upande mmoja kwa kisu, unatoa kokwa, unatia korosho moja iliyokaangwa. Korosho za huku kwetu Kilifi na Malindi, usinunue zile zenye chumvi nyingi, ingawa chumvi kidogo inakaa vizuri na chokoleti. Unaifunga tende kwa vidole, unaiminya ipate kiuno. Unaiingiza kwenye chokoleti kwa uma, unaigonga uma ukingoni mwa bakuli ile ya ziada idondoke, unailaza kwenye bata pepa. Kabla haijaganda unachomeka tambi mbili nyembamba mbele ndio papasi, na tambi fupi ubavuni ndio miguu. Hapo ugomvi ukazuka. Kifungua mimba akasema mdudu ana miguu sita, wamefundishwa, mpwa wangu yeye alishamtilia wake minane. Wakaenda kwa Nyanya kuamuliwa. Mama akasema yeye amewaua wengi mno maishani lakini hakuwahi kusimama kuwahesabia miguu. Wakaangalia simu: mende sita, buibui minane. Wa minane wakaamua amezaliwa hivo.

Tukaweka friji dakika kumi tu, si friza, ukiweka kwa muda mrefu ukitoa zinatokwa jasho kwa hii hewa yetu ya chumvi na unyevu na ule mng'aro unakwisha. Mende ishirini na tatu. Nakwambia ukweli, ukiuma, ile chokoleti inavunjika, alafu tende laini, alafu korosho inalia, sijanunua chokoleti ya dukani yenye ladha hiyo. Baba watoto ambaye hali vitu vitamu alikula wanne amesimama mlangoni akijifanya anapita.

Buibui walikuwa rahisi zaidi na kwa kweli ndio ningekushauri uanze nao. Tambi zile zile za sukari tunazopikia sikukuu, unavunja mkononi, unazikaanga na samli kijiko kimoja mpaka ziwe rangi ya dhahabu (usiondoke, zinaungua kwa kufumba na kufumbua, mimi fungu la kwanza liliungua nikijibu simu), ziache zipoe kabisa, alafu unazikoroga ndani ya chokoleti ya kupikia iliyoyeyuka pamoja na nazi iliyokunwa ukaikausha kwenye kikaango. Nazi lazima iwe imekauka. Ukitia mbichi yenye tui utalia. Unachota kwa kijiko unaweka vifungu vifungu, na zile tambi zinazochomoza pembeni ndizo miguu. Macho ni chembe mbili za sukari. Kitinda alitia macho kumi na mawili kwa mmoja ili, anavyosema yeye, "aone nyuma".

Mama alipoambiwa hizi ni buibui akajishika kifuani, "Buibui nilijualo mimi ni la kuvaa." Mpwa wangu hakuelewa. Ikabidi tumweleze kwamba kuna buibui huyu mwenye miguu minane na kuna buibui hili jeusi la kina Nyanya, la zamani lile, si hizi abaya za skuizi, na mama akaingia chumbani akalitoa lake la zamani kabisa limekunjwa kwenye sanduku na harufu ya udi bado imo, akajifunika nalo akamtokea mtoto mlangoni ghafla. Yule mtoto aliyekuja kutufundisha kutisha aliruka mpaka kwenye gunia la mkaa. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Alikataa vinyago yeye mwenyewe, naomba mkumbuke.

Vizuka ndio waliotushinda. Mpango ulikuwa ndizi kisukari, zimemenywa asubuhi, zikakatwa kati, kila nusu kijiti cha mishkaki chini, friza mpaka usiku ziwe mawe. Unachovya kwenye chokoleti nyeupe, inaganda hapo hapo kwa sababu ndizi ni barafu, unampa macho ya chokoleti nyeusi kwa kijiti cha meno, umepata kizuka na umepata aiskrimu. Kwa joto letu hicho ndicho kitu chenye akili kuliko vyote. Lakini chokoleti nyeupe ni ya kudeka, haina ule unga wa kakao ndani, ni mafuta yake tu na maziwa na sukari, moto ukizidi kidogo inachacharika. Nilikwenda nayo polepole, vizuri, inameremeta kwenye bakuli kama maziwa ya mtindi, nikageuka kuchukua trei. Kitinda naye akaona asaidie kukoroga. Kwa kijiko alichokitoa kwenye karai la vyombo.

Matone mawili, matatu ya maji, si zaidi. Ilishikana yote mbele ya macho yangu ikawa donge la chembechembe kama ugali wa jana. Ajabu ni kwamba chokoleti ikiwa na maji mengi haina neno, ni yale machache ndiyo yanayoiua, yanailowesha sukari kidogo tu ikashikamana na kukaza kila kitu. Dawa basi ni kinyume cha unavyofikiri, uongeze maji, au maziwa ya moto, kijiko kwa kijiko huku unakoroga mpaka ilegee. Haitaganda tena hiyo, lakini inakuwa rojo. Nikaitia maziwa ya moto na hiliki ya kusaga, tukaimimina juu ya mkate wa sinia wa mama uliokuwa umebaki asubuhi. Mtoto wangu alikuwa ameanza kulia, mama akamlisha kipande akamwambia, "Umevumbua." Sasa kila siku anataka "avumbue". Vijiko vyote vyenye maji navifungia juu kabatini.

Kwa ile chokoleti nyeupe iliyobaki, ambayo haikuwa kwenye bakuli, tulipata vizuka vinne. Kimoja kilidondoka.

Alafu ikaja ile habari ya milango. Mpwa wangu alikuwa amekubali sharti la Nyanya, lakini unamwona kabisa moyoni limemkwama, manake kwake yeye Halloween bila kugonga milango ni kama Idi bila mkono wa Idi. Na huo mfano ndio niliompa mama. Nikamwambia mama, si hata wetu sikukuu wanavaa nguo mpya wanapita nyumba kwa nyumba wanapewa pesa na peremende? Akasema ni tofauti, ile ni haki yao. Tukabishana. Mwisho akaamua mwenyewe: watagonga, lakini hawaombi, wanapeleka. Kama sahani za futari mwezi wa Ramadhani. Sahani tatu, nyumba tatu, Kaka nyuma na tochi.

Nyumba ya kwanza akafungua dada wa kazi, akafunua kawa, akaona mende wamepangwa mstari, sahani ikamponyoka kidogo idondoke, ukelele wake tuliusikia kutoka kwetu. Watoto wakarudi wamelewa furaha. Nyumba ya pili ni mama mmoja Mgiriama jirani yetu wa miaka mingi, mtu wa kanisa sana, nilikuwa na wasiwasi atasema tumeingia kwenye ushetani, akachukua buibui akamla wote mbele yao na akauliza samli ni ya wapi. Ya tatu ni mzee wa Kitaliano aliyestaafu na kuhamia hapa, Kiswahili chake ni cha sokoni, aliwaambia kwao kesho yake ni sikukuu, watu wanakaa nyumbani, na keshokutwa wanakwenda makaburini, na kwamba Sisilia watoto huamka siku ya wafu wakakuta peremende na matunda ya lozi waliyoachiwa na marehemu wao. Mpwa wangu aliganda. Akaniuliza usiku, "Kwa hiyo Babu anaweza kuniletea?" Babu yake, baba yangu, hakumwahi. Nikamwambia Babu alikuwa akipenda tende. Sikujua niseme nini kingine.

Sasa kwetu, mnajua, sahani hairudi tupu. Yeye hajui. Amekaa barazani anaosha miguu, mara hodi, sahani ya kwanza imerudi na viazi karai na ukwaju wake. Mara hodi, ya pili na ubuyu, ule mwekundu, pakiti nne. Mara yule mzee na chungwa tatu na kipande cha jibini. Mtoto akatukodolea macho, "Kwa hiyo unapeleka wewe na bado unapewa?" Ndio. "Kila mara?" Ndio mamangu. Akasema atawaambia wenzake London wanafanya vibaya.

Na ubuyu huo, kama kuna mtu anataka kujipamba na damu ya uongo, asinunue rangi. Dakika tano tu, watoto watatu midomo, meno, vidole, kola za nguo, vyote vyekundu. Nimefua mara mbili.

Saa tatu na nusu stima zikapotea. Trei ya mwisho ya mende ilikuwa bado kwenye friji, nikasema mtu asifungue mlango, kitinda akafungua mlango. Tukawasha kandili tukakaa barazani, na bila kuombwa mama akaanza hadithi za Gedi. Kwa wasiojua, Gedi ni mji wa kale wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka hapa, uliwahi kuwa na nyumba na misikiti na watu wenye vyombo vya Kichina, kufika karne ya 17 wakawa wameuhama wote. Lipo kaburi pale limeandikwa mwaka, 802 Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini mama hana habari na UNESCO. Yeye anakwambia wenyewe hawakuondoka. Kwamba alipokuwa mdogo wakipita njia ile baada ya alasiri mama yake alikuwa akiwashika mikono na hakuna kuzungumza, na siku moja nduguye akageuka nyuma akauliza, "Yule anayetufuata ni nani?", na hakuna mtu mzima aliyejibu wala kugeuka, walitembea tu, mpaka walipofika kwenye nyumba za watu mama yao akasema, "Mmoja wenu asirudie tena kuuliza swali lile."

Mama aliisema hivo hivo, sauti ya chini, anamenya chungwa. Sauti ya bahari kwa mbali. Kandili linapepea. Yule wa Uingereza, aliyenionyesha kwenye simu nyumba zenye mafuvu ya umeme na moshi wa mashine, alikuwa amenishika kiuno kwa mikono miwili na hapumui. Usiku huo walikwenda chooni kwa msafara.

Sasa kilichobaki ni hiki. Trei ile ya mwisho niliitoa kwenye friji nikawagawia, akabaki mende mmoja, yule wa miguu minane, kitinda akamficha juu ya meza ya jikoni nyuma ya birika ili amle asubuhi. Hakuniambia. Baba watoto akaamka alfajiri kwenda msikitini, stima bado, akaingia jikoni kunywa maji na tochi ya simu, mwanga ukapiga pale nyuma ya birika.

Mimi nilisikia kandambili tu. Paa! Alafu kimya. Alafu nikamsikia, polepole, "Hii nayo ina korosho ndani."

Ukuta ni mweupe. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa ndimu, chokoleti ya bei ndiyo hiyo, haitoki.